Mwinjuma Auingiza Ukoo Kwenye Kompyuta

Mwinjuma hakuwa mtu wa kununua vitu ovyo. Kanzu ya Idi aliivaa Idi tatu, na baiskeli yake ilikuwa na kiraka juu ya kiraka. Kwa hiyo siku kiwanda kilipouzwa, wafanyakazi wakaambiwa asanteni na kwaherini, na vitu vya ofisini vikapangwa uwanjani ili anayetaka achukue akatwe kwenye kiinua mgongo chake, hakuna aliyetegemea kwamba yeye ndiye angechagua kioja. Wenzake walichukua mabati, makabati ya chuma, feni, hata milango. Mwinjuma, karani wa stoo kwa miaka kumi na saba, akachukua kompyuta na printa yake. Akakodi mkokoteni mpaka nyumbani Mwembesongo, na njia nzima alitembea ubavuni ameishika kwa mikono miwili kama anayempeleka mgonjwa hospitali.

Zainabu, mkewe, alisimama mlangoni akaitazama ikishushwa.

"Baba Abdul, ndiyo kiinua mgongo chenyewe hiki?"

"Ndiyo."

"Kinapika?"

"Hakipiki."

"Kinaonyesha picha, angalau tukaribishe majirani?"

"Kinaonyesha maandishi."

"Basi mwenzangu umenunua daftari linalokula umeme."

Hata hivyo Zainabu ni mtu wa kupenda nyumba nadhifu. Haikufika jioni, kompyuta ilikuwa imevikwa kitambaa cha kudarizi, maua mekundu na ndege wawili, kama redio na kama kila kitu cha thamani nyumbani mle. Mwinjuma akamweleza kwamba mashine ile inapumua kwa nyuma, ikifunikwa itaungua. Wakabishana, wakapatana: mgongo uachwe wazi, uso ufunikwe. Tangu siku ile kila asubuhi Mwinjuma alikuwa anaifunua taratibu kama anayemfunua bibi harusi, na kila akifunua alitabasamu vilevile.

Alichokipenda si mashine tu, alipenda maswali. Kompyuta zilipoletwa kiwandani, alikuja mtaalamu kutoka Dar es Salaam akawafundisha wiki mbili. Wenzake walitaka kujua wabonyeze wapi. Mwinjuma alitaka kujua jina likishaandikwa, mashine ikazimwa, jina lile linakwenda kulala wapi. Mtaalamu akamwambia, "Mzee, wewe bonyeza tu." Mwinjuma amesamehe mengi maishani mwake, lakini hilo hajalisamehe mpaka leo.

Baada ya kupunguzwa kazi akawa anashinda kwa Yunusi, fundi baiskeli wa njia ya sokoni, anatoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba. Ulikuwa mwaka tisini na tisa, na watu walikuwa wakisikia redioni kwamba mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zitapagawa.

"Nyingi zinaandika mwaka kwa tarakimu mbili," alieleza Mwinjuma. "Tisini na tisa ikiisha, zinarudi sifuri sifuri. Zitadhani ni mwaka elfu moja mia tisa."

"Enzi za Mjerumani," Yunusi alisema, anakaza spoku.

"Naam."

"Basi zitatudai kodi ya kichwa. Na yako je?"

"Yangu nimeiuliza."

"Imesemaje?"

"Imenyamaza."

"Hiyo inajua kitu," Yunusi akasema. "Mtu mnyamavu namna hiyo mwogope."

Simu za mkononi nazo zilikuwa zimeanza kuingia mjini, kwa watu wenye matumbo. Mwinjuma aliwatazama wakipita wakipayuka, akajiuliza kwa nini mtu apige kelele wakati chombo kiko sikioni. Lakini kilichomshangaza zaidi ni lile swali la kwanza. "Sikiliza vizuri, Yunusi. Wote wanaanza na 'uko wapi?' Simu ya waya nani alikuuliza uko wapi? Uko pale ilipo simu! Sasa yule bwana pale kasimama mbele ya duka la mchele, anasema yuko Mikese, anakuja. Chombo kipya miezi sita tu, kimeshawafundisha uongo watu wazima wenye wajukuu."

Na kulikuwa na maoni aliyoyapenda kuliko yote, akayarudia mpaka Yunusi akayakariri. Kompyuta haina upendeleo. Ukienda ofisini, wa kwanza kuhudumiwa ni anayejuana na karani. Ukienda harusini, wa kwanza kupakuliwa ni mwenye kanzu iliyonyooka. Kompyuta inapanga kwa herufi. Aliyeanza na A yuko mbele, awe sheikh awe mwizi wa kuku.

"Wewe unaanza na M," Yunusi alimwambia. "Utakula katikati."

"Nitakula katikati kwa haki."

Maneno hayo yote yalikuwa matamu, ila sufuria haiinjikwi maoni. Zainabu alikuwa anauza vitumbua, watoto walikuwa wawili na wote wanakula. Kilichobaki kwa Mwinjuma kilikuwa kimoja tu: shamba la marehemu mama yake kule Matombo milimani, lenye migomba, michungwa na midalasini minne, kipande cha chini kikigusa mto. Mama alipofariki, dada yake Mwinjuma, Pili, ndiye aliyebaki analitunza.

Kwa Waluguru ardhi inapita kwa mama. Mwinjuma alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mwanaume wa ukoo akiomba kwa adabu hanyimwi pa kulima. Tatizo, alikuwa ameishi mjini miaka ishirini, akipanda mlimani kwa misiba tu. Na kipande kilekile cha mtoni kilikuwa kimeombwa na Mikidadi, mtoto wa mama yake mdogo, ambaye hakuwahi kuondoka kule na mikono yake ilikuwa na sugu za kuonyesha. Kikao cha ukoo ndicho kingeamua nani apewe. Mwinjuma akikikosa kile kipande, hana kingine cha kushika.

Miezi miwili kabla ya kikao, Mjomba Laurenti, mkubwa wa ukoo, alishuka mjini akafikia kwake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hicho kilichovaa kitambaa ni nini, TV?"

Mwinjuma akafunua, akawasha, akamwonyesha. Mjomba akatazama kwa muda mrefu, kofia mkononi, kisha akasema lililomleta. Tangu soko huria liingie, malori yanapanda mlimani kununua machungwa yangali mtini. Wenye malori hawakuishia kwenye machungwa, sasa wananunua miti na ardhi iliyo chini yake. Mwezi uliopita kijana mmoja kauza michungwa ya ukoo, kachukua chake kapotea. Watu walimwona, wakasema huyu ni wetu, sura ni ya kwetu. Lakini wa nani hasa? Kila mtu alikuwa na jibu lake.

"Nataka orodha ya ukoo," Mjomba alisema. "Iandikwe, nimpelekee mwenyekiti wa kijiji. Asiyekuwemo asiuze hata jani."

"Niachie mimi, Mjomba."

"Ukiifanya vizuri, mpwa wangu, na mimi siku ya kikao nitakuwa na la kukusemea."

Mwinjuma hakulala mchana tena. Programu aliyokuwa nayo ni moja, ileile ya stoo ya kiwanda, ambayo kila kipuri kiliandikwa jina lake na idara yake. Akawaza: mtu naye ana jina, tatizo ni idara. Akakumbuka fomu zote alizojaza tangu shule, kiwandani, hospitali, benki. Zote zinauliza jina la baba. Basi idara ikawa baba. Akatuma barua kwa Pili, akawafuata jamaa waliopo mjini mmoja mmoja, akaandika majina kwenye madaftari, akayaingiza, umeme ukikatika akayarudia.

Zainabu alipita na ungo wa mchele, akachungulia.

"Mbona Abdul yumo?"

"Si mwanangu?"

"Mwanao, nani kakataa. Lakini ni wa kwetu, Mlali."

"Zainabu, fomu zote za nchi hii zinauliza baba."

"Haya," akasema Zainabu.

"Haya" ya Zainabu ilikuwa na kilo zake. Mwanaume mwingine angeacha kuandika papo hapo. Mwinjuma akaendelea. Kama ndani ya moyo wake kulikuwa na katamaa kadogo ka kumwona mwanawe amekaa kwenye karatasi ya Matombo, hakukauliza, yeye anayeuliza kila kitu.

Siku ya kikao watu wapata thelathini walikaa uani kwa Mjomba Laurenti, wengine wametoka misani, wengine wametoka kuswali adhuhuri, pembeni maganda ya mdalasini yameanikwa kwenye mikeka. Mwinjuma akatoa karatasi kwenye mfuko wa rambo. Ilikuwa ile ya printa za zamani, inayotoka imeshikana kurasa kwa kurasa, yenye matundu pembeni. Akaikunjua, Pili akashika kichwa, mwingine akashika mkia, na ukoo mzima ukatandazwa kutoka mlango wa jiko mpaka zizi la mbuzi. Watu wakasimama kushangaa. Bibi Hafidha, mdogo wake na marehemu bibi yake Mwinjuma, mzee kuliko wote pale, akapapasa ukingo kwa vidole.

"Matundu haya ya nini?"

"Meno ya mashine yanashika hapo, Bibi, ili karatasi isiende upande."

"Kama ukili wa mkeka," Bibi akasema. "Wamefikiri. Haya, nisomeeni."

Pili akasafisha koo. "Namba moja. Abdulswamad Mwinjuma."

Mbuzi tu ndiye aliyesema kitu.

"Huyo ndiye nani?" Bibi Hafidha akauliza.

"Mwanangu, Bibi," Mwinjuma akajibu.

"Ana umri gani?"

"Miaka tisa."

"Mama yake nani?"

"Zainabu."

"Zainabu wa wapi?"

"Wa Mlali."

"Sasa huku kafuata nini? Kaja kuoa?"

Wanawake wakacheka, lakini si wote. Pili akaendelea kusoma, sauti ikizidi kushuka. Kila baada ya majina matatu palikuwa na mtoto wa mwanaume fulani wa ukoo, aliyezaliwa na mwanamke wa kwingine. Na kwenye idara, pale panapotakiwa kuwa na kichwa cha watu, walikaa waoaji: wanaume wa Kiroka, wa Mlali, mmoja wa Dodoma aliyeoa akakimbia. Bibi Semeni, mwanamke ambaye ukoo wote ule umetoka tumboni mwake, alikutwa karibu na zizi la mbuzi, namba mia moja na kumi na nane.

Mikidadi alikuwa ameegemea nguzo. Akajinyoosha. "Kaka, tulijua umekuja kuomba kipande cha mtoni. Kumbe umeshajigawia, na mwanao umemweka mlangoni kukusanya viingilio."

"Si mimi niliyempanga! Mashine inapanga kwa herufi. Haina upendeleo."

"Hiyo mashine ina mama?" Bibi Hafidha akauliza.

"Haina, Bibi."

"Basi kwangu imeishia hapo."

Safari hii walicheka wote, isipokuwa Mjomba Laurenti. Yeye aliinama akaanza kuikunja karatasi mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. "Nikimpelekea mwenyekiti kitu hiki," alisema, "keshokutwa watoto wa waoaji wote wa wilaya hii wako hapa wanadai. Mpwa wangu, nilikutuma uzibe tundu, umeniletea mlango." Akageuka. "Mikidadi, tuongee habari ya kile kipande."

Mwanaume mwingine hapo angeomba radhi, au angepandisha sauti, au angeanza kumtaja marehemu mama yake na kulia. Mwinjuma alikuwa anamtazama Bibi Hafidha. Lilikuwa limemjia swali, na swali likimjia yeye husahau hata kama nyumba inaungua.

"Bibi, kwani wewe unawapangaje?"

"Nani?"

"Watu wote hawa. Hujui kusoma, na umejua huyu si wetu kabla Pili hajafunga mdomo. Kichwani mwako wamekaaje?"

Bibi Hafidha akamtazama kama mtu aliyeulizwa anatembeaje. Akafikiri. "Naanza kwa Semeni," akasema, na akaanza. Semeni alizaa Tatu, na Maria, na Sikudhani. Tatu alizaa huyu na huyu. Alisema bila haraka, macho kafumba, kidole gumba kikipita kwenye viungo vya vidole vingine. Mwinjuma akainyakua karatasi mikononi mwa Mjomba, akaigeuza upande mweupe, akapiga magoti na penseli.

"Ngoja, Bibi. Huyo Mariamu ni wa Tatu au wa dada yake?"

"Umenikatiza. Sasa narudi kwa mama yake." Na kweli akarudi kwa Tatu, akashuka upya, hakuruka hata mmoja.

Mwinjuma akasahau kwamba amefedheheka. "Kumbe kila mtu anakaa ndani ya mama yake!"

"Wewe ulidhani alikaa wapi?" mwanamke mmoja akadakia, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Na waliokufa, Bibi? Kule stoo kilichokwisha tulikifuta kisijaze nafasi."

"Nikiwafuta nitapita wapi kuwafikia walio hai?"

Hilo akaliandika pembeni mwa karatasi, si sehemu ya orodha. Akagundua lingine. Mwanaume alitajwa, kisha Bibi akaendelea na anayefuata. Watoto wake hawakuja. Si kwa chuki, ila hawakuwa njia ile.

Walipofika kwa Sikudhani, ambaye tangu ujana aliolewa upande wa Mikese, yakatoka majina sita ambayo hakuna mtu pale aliyeyakumbuka, wala kompyuta haikuwa nayo. Mjomba Laurenti alikuwa ameshakaa chini karibu na penseli, miwani puani.

"Mama," akamuuliza Bibi, "na kijana yule aliyeuza michungwa, unampata wapi?"

"Simpati. Mtaje mama yake."

"Wanasema ni wa upande wa Kiroka."

"Aa. Huyo ni mtoto wa Pazi wetu. Pazi tumemtaja pale nyuma kwa Maria. Sura ni ya Pazi, lakini mama yake si wetu, ana kwao na ana shamba kwao."

Mjomba akaitazama penseli, kisha akamtazama Mwinjuma. Hakuhitaji kusema kwamba mtoto wa Pazi na mtoto wa Mwinjuma, ukiwapanga, wamekaa mahali pamoja. Mwinjuma alikuwa ameshaliona hilo.

"Sasa nisikilizeni," Mjomba alisema. "Orodha ndiyo hii inayoandikwa sasa, ile nyingine kafungie maandazi. Mikidadi, wewe una mama hai mwenye kipande kule juu, na ndugu watatu wa kulima naye. Huyu hana kazi na mama yake hayupo. Kile cha mtoni alime Mwinjuma, maisha yake yote. Siku akiondoka duniani kinarudi kwa Pili na binti yake Zawadi, na mtu yeyote asije na karatasi. Lakini orodha aimalize yeye, kwa mkono wake, mbele yetu, kama Mama anavyoitaja. Mwinjuma, kama huwezi sema sasa hivi, kipande apewe mwenzio."

"Hawezi," Mikidadi alisema. "Tumtazame tu."

"Endelea, Bibi," Mwinjuma akasema.

Bibi Hafidha akafumba macho tena. "Dada yangu alizaa Laurenti huyu, alizaa Mwanahawa, alizaa mama yake Mikidadi. Mwanahawa alizaa Mwinjuma, akazaa Pili."

Akaandika *Mwanahawa*. Chini yake, akiingiza ndani kidogo, akaandika *Mwinjuma*. Penseli ikasimama. Pale chini ya jina lake palikuwa na nafasi kubwa, karatasi za printa ni pana. Akamfikiria Abdul, ambaye juzi tu alimuuliza maji ya bomba yakifungwa yanasubiri wapi, swali ambalo Mwinjuma alilifurahia siku nzima. Akamfikiria amesimama mtoni pale, ameshika jembe. Mikidadi alikuwa amerefusha shingo mpaka kivuli chake kikaanguka juu ya karatasi.

"Bibi," Mwinjuma akasema taratibu, "chini yangu niandike nini?"

"Chini yako pana nini?"

"Pana watoto wangu."

"Mlali hakuna bibi wa kuwataja?"

Mwinjuma akafikiri. Mama yake Zainabu alikuwa mtu wa maneno mengi, na kila walipokwenda alimkalisha Abdul mkekani akamwambia wewe ni wa fulani, aliyezaliwa na fulani. Mwinjuma siku zote alikuwa akitoka nje kwenda kutazama injini ya mashine ya kusaga.

"Yupo," akasema.

"Basi ya kwake usimwandikie wewe."

Akavuta mstari mfupi mbele ya jina lake, kama alivyokuwa akifanya stoo penye safu isiyo na kitu. Akausogeza mkono chini, usawa wa jina lake mwenyewe, akaandika *Pili*. Dada yake alikuwa amechuchumaa upande wa pili ameibana karatasi isipeperuke. Akasogeza goti kumpa nafasi ya kiwiko.

"Tayari, Bibi. Pili alizaa?"

"Pili alizaa Zawadi."

Mikidadi akarudi kwenye nguzo yake. Mwinjuma akailowesha penseli kwa ulimi, akaandika.